Kilti Hukaa Kitovuni: Jinsi ya Kuivaa na Makosa ya Kuepuka

Kazi yangu ni kuwavalisha watu kilti, lile vazi la Kiskoti la wanaume lenye marinda linaloishia magotini, katika duka la kukodisha mavazi mjini Glasgow. Wateja wengi ni mabwana harusi na wapambe wao, na siku hizi wamo pia ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaooa huku Uskoti au walioalikwa na wakwe. Kwa niliyoyaona, makosa mengi yana mzizi mmoja: mtu anaivaa kilti kama suruali ya jinzi, chini ya tumbo. Ikikaa hapo, pindo hufunika magoti, marinda hutawanyika nyuma, na sporani, yaani kile kipochi cha mbele, huning'inia mapajani. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye suala la kiuno, na mengine nitayapitia haraka.

Kabla ya yote: vipimo

Usitume dukani namba ya suruali yako. Ile ni namba ya nyonga, nasi tunataka mzunguko wa mwili kwenye usawa wa kitovu. Kwa wanaume wengi, hasa wenye kitambi, tofauti yake si ndogo. Pima kitovuni, pima sehemu pana zaidi ya makalio, kisha urefu kutoka kitovuni hadi katikati ya goti. Apime mtu mwingine, wewe simama wima ukitazama mbele. Ukiinamisha kichwa kusoma tepe, mwili nao unainama na urefu unapungua.

Na tartani, yaani mchoro wa mistari ya rangi inayokatizana kwenye kitambaa cha kilti, je, ni lazima iwe ya ukoo wako? Hapana. Tartani husajiliwa katika rejesta rasmi ya Uskoti iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, lakini kusajiliwa si kukatazwa wengine wasiivae. Chache zina mipaka, kama ile ya Balmoral ambayo ni ya familia ya kifalme. Ukiwa na wasiwasi, chukua Black Watch, ya kijani na buluu iliyokolea. Hakuna atakayekuuliza ukoo.

Hatua ya 1: soksi na viatu vitangulie

Watu huanza na kilti, kisha huinama kufunga viatu na marinda yakajikunja kabla hata hawajatoka chumbani. Vaa shati, soksi na viatu kwanza.

Soksi za sufu zivute juu, kisha zikunje ili ukingo uishie vidole viwili au vitatu chini ya kifuniko cha goti. Vile vitambaa viwili vya rangi vyenye mpira huvaliwa chini ya mkunjo huo, ncha zake zikichungulia upande wa nje wa mguu. Nimeona vingi vikitazama mbele au ndani, vigeuze.

Viatu vya ghillie havina ulimi na vina kamba ndefu. Kaza kamba, zisokote pamoja mara tatu au nne mbele ya kifundo, zipitishe nyuma ya mguu juu kidogo ya kifundo, zirudishe mbele na ufunge. Wengi huzipandisha kwa kuzikatisha-katisha hadi karibu na goti. Ngoma mbili tu, zote zimeshaporomoka.

Hatua ya 2: kilti yenyewe

Kilti ya kimila hula kama yadi 8 za kitambaa cha sufu, zaidi ya mita 7, na sehemu kubwa iko nyuma kwenye marinda. Uzito huo ndio unaoivuta chini usipoifunga mahali pake.

Ishike nyuma yako, marinda yaangukie makalioni. Mbele zitabaki pande mbili bapa. Upande wa mkono wa kulia hutangulia: uvute uelekee kushoto, upitishe ukanda wake katika tundu lililo kwenye ubavu wa kushoto, na ufunge bizimu kwa nje. Tundu hilo wengi hawalioni, wanaufunga ukanda ndani au wanauacha uning'inie. Kisha upande wa kushoto ufunike juu kuelekea kulia, ukingo wenye nyuzi za mapambo ukae ubavuni kulia. Ukiona nyuzi hizo ziko kushoto, umevaa kinyume, anza upya.

Sasa ipandishe. Ukingo wa juu uwe kitovuni au juu yake kidogo. Mara ya kwanza utahisi imepanda mno, kila mtu huniambia hivyo. Vumilia dakika chache, vuta pumzi, tembea. Bizimu za juu, ya kushoto na ya kulia, zikaze ili zibebe uzito. Ile ya chini, pale kwenye nyonga ya kulia, ifunge kwa kulegeza, kazi yake ni kutuliza kitambaa tu. Ukiikaza, marinda yanafunguka juu ya makalio na mistari ya tartani inavunjika. Jitazame nyuma kwa vioo viwili, au mpe mtu simu akupige picha. Marinda yanatakiwa kushuka wima yakiwa yamefungana.

Mbele kuna mstari wa katikati katika mchoro wa tartani. Ulinganishe na vifungo vya shati. Ukipinda hata vidole viwili, picha zote za harusi zitaonekana zimepinda.

Kisha piga magoti sakafuni, kiwiliwili wima. Pindo linatakiwa kuwa juu ya sakafu kwa upana wa kidole gumba au zaidi kidogo. Likigusa na kujikunja, kilti iko chini, ipandishe. Sisi tuliozoea msuli mkono unatutuma kukunja ukingo wa juu ili tufupishe. Kilti haikunjwi kamwe. Ikiwa bado ni ndefu baada ya kukaa kitovuni, si saizi yako, irudishe dukani. Fupi mno nayo ni aibu: Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh mwaka 1822 alivaa kilti fupi na vazi la kubana la rangi ya ngozi miguuni, na wachora katuni hawakumwacha.

Hatua ya 3: pini na sporani

Pini hukaa kona ya chini kulia, karibu na zile nyuzi, na hutobolewa kwenye upande wa nje peke yake. Ukiunganisha pande mbili, ukikaa au ukipanda ngazi kitambaa kinavutana na kuchanika. Hili ndilo kosa linalotuharibia kilti nyingi kuliko mengine, na mteja ndiye anayelipa.

Mnyororo wa sporani upitishe kwenye vitanzi vya nyuma, na sporani yenyewe ikae katikati, vidole vinne chini ya kizibao. Yenye manyoya ni ya jioni, ya ngozi ni ya mchana. Ukicheza au ukiendesha gari, isogeze nyongani. Na ukivaa kizibao, acha mkanda mpana nyumbani, kwa kuwa bizimu yake huinua kizibao kikakaa kama kimevimba.

Hatua ya 4: koti

Koti la suti ya kawaida ni refu, linafunika marinda. La kilti hukatwa fupi. Prince Charlie ni la jioni, huvaliwa na tai ya kipepeo, nalo halifungwi mbele. Argyll linafaa mchana, pamoja na tai ndefu.

Hatua ya 5: kisu

Kisu kidogo cha soksini, sgian dubh, huwekwa mguu wa kulia kwa anayetumia mkono wa kulia, ikionekana sehemu ya juu tu ya mpini. Sheria ya Uskoti inaruhusu kukibeba kama sehemu ya vazi la taifa, lakini usikiweke kwenye mzigo wa mkononi uwanja wa ndege. Maduka mengi hukodisha chenye ubapa wa plastiki. Kichukue hicho.

Kukaa

Kabla ya kukaa, pitisha kiganja nyuma kuanzia kiunoni kushuka, uyalaze marinda. Ukishakaa, funga magoti na uache sporani ishuke katikati ya mapaja. Swali la nguo ya ndani huulizwa kwa mzaha, ila mimi hulijibu bila mzaha: kilti ya kukodi imevaliwa na wengine na itavaliwa tena. Vaa.

Baada ya sherehe

Kwanza toa pini. Itundike kilti kwa vibanio kwenye ukingo wa kiuno, penye hewa, usiku kucha. Usiifue kwa mashine wala kuiloweka, sufu itasinyaa na marinda hayatarudi. Doa lipanguse kwa kitambaa chenye maji baridi bila kusugua. Kabla ya kuirudisha dukani, fungua sporani uangalie ndani: pete, funguo za hoteli na bahasha za pesa tunazikuta humo mara nyingi.