Komoni reli haivumilii maji kwenye dizeli
Nozeli (vipulizia dizeli) za pikapu za zamani, zile za pampu ya kimekanika, hufunguka kwa shinikizo la baa 100 hadi 250 hivi. Komoni reli, mfumo wa injini mpya za dizeli ambamo bomba moja lenye shinikizo hulisha nozeli zote, hufanya kazi kwa baa 1,600, nyingine zaidi ya 2,000, na pampu yake hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji yakipita, chuma husagika na chenga zake hufika kwenye nozeli zote.

Taa ya maji kwenye dashibodi ikiwaka, zima injini. Kinga chombo, legeza koki ya chini ya filta, piga pampu ya mkono mpaka itoke dizeli tupu. Funga, endelea kupiga hadi iwe ngumu, ndipo uwashe.

Filta mpya usiijaze dizeli ya kopo (mafundi wengi hufanya hivyo): uchafu huingia upande uliokwisha chujwa.