Kumzeesha kijana jukwaani: mfano wa Livingstone wa Ujiji

Ukiwa mpambaji wa waigizaji hapa Kigoma, hukosi kuletewa kisa cha Ujiji cha mwaka 1871, Stanley, mwandishi wa habari, anapomkuta Livingstone, yule mmisionari Mzungu. Na anayekuja kukaa kwenye kiti chako awe Livingstone ni kijana wa sekondari asiye na hata unywele mmoja kidevuni. Hapa naeleza ninavyomzeesha kwa vitu vya kawaida vya soko la Mwanga. Njia ni hiyohiyo ukipewa mtemi, bibi au sheikh.

Hatua ya 1: Jua umri kabla hujagusa rangi

Livingstone alizaliwa Machi 1813, kwa hiyo alikuwa na miaka 58. Si kikongwe wa kutembelea magoti. Lakini alikuwa ametoka Manyema, ng'ambo ya ziwa katika Kongo ya leo, akiwa mgonjwa na amedhoofu, hivyo unachotafuta ni uso uliokonda, siyo makunyanzi mia. Stanley alikuwa na miaka 30 tu: mwachie uso wake, mpe vumbi la safari basi. Susi, mtumishi wa Livingstone aliyetoka mbio kumlaki Stanley, naye usimzeeshe. Jukwaa likijaa mvi, mzee wako hataonekana.

Swali ninaloulizwa kila mara: tumpake mweupe? Hapana. Rangi nyeupe juu ya ngozi yetu hugeuka majivu, na watu watacheka pale ulipotaka wanyamaze. Maleba, yaani mavazi ya jukwaani, yatamtambulisha. Stanley mwenyewe aliandika alivyomkuta amevaa: kofia ya rangi ya samawati yenye utepe wa dhahabu uliopauka, kizibao chenye mikono myekundu, na suruali ya kijivu. Suruali utaipata kwenye mitumba, kizibao mpe fundi cherehani abadilishe mikono, na kofia hata ya zamani ya mlinzi ukiishonea utepe inatosha.

Hatua ya 2: Andaa vifaa

Unahitaji faundesheni (rangi ya kupaka uso mzima) mbili. Moja iwe nyeusi kuliko ngozi ya mwigizaji, ielekee kahawia ya zambarau. Nyingine iwe angavu kidogo, ielekee manjano. Usinunue nyeusi tii kwa ajili ya vivuli, maana kwa mbali inaonekana kama masizi ya sufuria. Ukikosa ile ya kahawia, changanya unga wa kakao na mafuta ya mgando kidogo hadi upate uji mzito. Ongeza poda isiyo na rangi, sponji, brashi mbili ndogo, wanja wa kahawia, rasta za kijivu na gundi ya kope.

Mawese yaache jikoni. Najua yapo kila nyumba, lakini rangi yake ikishika kola ya kanzu ya kuazima utailipa. Gundi ya viatu na ile ya kukauka papo hapo zisikaribie ngozi ya mtu kabisa.

Siku moja kabla ya onyesho, mpake mwigizaji kidogo kidogo kila kitu, na gundi pia, upande wa ndani wa mkono. Akiwashwa au akivimba, badilisha. Na kila mtu awe na sponji yake na wanja wake. Macho mekundu huenea kwenye kikundi kizima kwa wanja mmoja.

Hatua ya 3: Uliza mtacheza wapi

Mchana chini ya mwembe, jua la utosini linatengeneza vivuli lenyewe, hivyo paka nusu ya ulichokusudia. Ukumbini usiku, taa zikipiga kutoka mbele, uso hubapa na lazima ukaze mkono. Kama kuna taa za rangi, zijaribu mapema: taa nyekundu humeza rangi nyekundu ya mashavu na midomo, taa ya kijani huifanya ionekane nyeusi.

Hatua ya 4: Vivuli

Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe. Safisha uso, ukaushe. Sehemu ya ndevu isiguswe na mafuta yoyote, gundi haitashika.

Mwambie kijana anyanyue nyusi, kisha akunje uso, kisha atabasamu sana. Mistari inayojitokeza ndiyo atakayozeeka nayo, na hiyo ndiyo unayoifuata kwa brashi. Ukimchorea mistari ya kubuni, akianza kuongea itaenda kulia huku ngozi ikienda kushoto.

Kwa uso uliokonda, mistari si mingi. Weka nguvu kwenye mashimo: pande mbili za paji la uso karibu na nywele, chini ya mfupa wa shavu (mwambie avute mashavu ndani, utaona penyewe), kona ya jicho kando ya pua, na chini ya jicho. Halafu ule mfereji unaotoka puani kwenda pembe ya mdomo. Kila kivuli kiwe na ukingo mmoja mkali na mwingine uliofifishwa kwa kidole hadi upotee kwenye ngozi. Kikiwa na kingo mbili kali, umechora chale.

Hatua ya 5: Sehemu za kung'aa

Kivuli peke yake ni uchafu. Kinachokifanya kiwe shimo ni mwinuko ulio jirani yake. Chukua ile rangi angavu, pitisha juu ya mfupa wa shavu, juu ya nyusi, mgongo wa pua, na kando ya kila mstari uliochora, upande ule wenye ukingo mkali. Kidogo tu. Kisha gandamiza poda kwa sponji bila kusugua. Joto la ukumbini na unyevu wa ziwa vitaiyeyusha kazi yako ukiruka poda.

Hatua ya 6: Mvi na ndevu

Poda ya watoto kichwani naikataa. Stanley akimshika bega tu, wingu linapaa, na mwigizaji anakohoa katikati ya maneno yake. Tumia rangi nyeupe ya maji ya kupaka usoni: chovya mswaki wa zamani, kung'uta, pitisha juu ya nywele ukianzia kando ya masikio. Hapo ndipo mvi za wengi huanza.

Rasta zikate vipande vifupi, zichambue hadi zifumuke. Paka gundi ya kope, subiri inate, bandika kuanzia chini ya kidevu ukipanda juu, safu kwa safu kama makuti ya paa. Punguza kwa mkasi zikishakauka. Masharubu yabandike mwisho, na mwambie aseme sentensi zake zote kwa sauti. Mdomo ukivutwa, toa, bandika upya.

Hatua ya 7: Shingo na mikono

Kivuli kati ya mishipa ya nyuma ya kiganja, mwanga juu ya vifundo. Shingoni mistari miwili. Dakika chache tu, lakini wengi hawafanyi.

Hatua ya 8: Kagua ukiwa mbali

Usiamini kioo. Msimamishe jukwaani taa zikiwaka, nenda kakae benchi la mwisho. Kama unaona mistari, imezidi. Kama unaona mtu aliyechoka, mwachie. Ukimwona bado kijana, rudi kwenye mashimo ya mashavu kabla ya kuongeza chochote kingine. Mwangalie pia anavyotembea: akikimbia kama mshambuliaji wa timu ya mtaa, hilo ni la mwongozaji.

Hatua ya 9: Kutoa

Ndevu kwanza. Lowanisha kingo kwa mafuta ya nazi, subiri, bandua taratibu kufuata vinyweleo. Uso mzima upake mafuta hayohayo, futa kwa kitambaa laini, ndipo unawishe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Sabuni ya mawese inatosha, ila isiingie machoni. Brashi zioshe usiku huohuo na uzilaze kwa ubavu zikauke, maana ukizisimamisha maji huingia kwenye shina na nywele zinaanza kung'oka.