Kabla ya kuchota mchanga wa bandarini Bukavu

Unataka kuhesabu minyoo, konokono na mabuu wa mchanga wa bandarini? Anza na ruhusa, tena yenye muhuri. Mtu anayezamisha chuma karibu na meli, wenye bandari hawamwachi hivi hivi.

Chukua chombo cha Van Veen, kile chuma kizito chenye taya mbili, kinachoshushwa kwa kamba kuchota mchanga wa chini. Kile cha Ekman ni chepesi, kinafaa matope; mchangani taya hazifungi vizuri. Jiwe likikwama, mwaga, rudia. Kila kituo, yaani kila mahali unapochota, mara 3. Chekecho liwe la matundu ya milimita 0.5. Kamba ndefu ya nini? Chini ya mita 70 Ziwa Kivu halina oksijeni, hutapata mnyoo huko. Vaa buti za mpira, kichocho kipo. Lebo iandikwe kwa penseli, ikae ndani ya bokali, biki inafutika.

Sasa alkooli, ile ya kuwahifadhi wasioze. Hapa nisikilize.

Nilibeba litri 5. Kufika kituo cha nne, zimeisha, na jua linazama. Kijana wa mtumbwi akasema, "Yaya, kanyanga si alkooli pia?" Tukanunua hiyo pombe kali ya kienyeji. Ikanichoma pua, nikaridhika. Na kwa uchoyo wangu nikajaza mchanga hadi shingo ya bokali, nisipoteze kitu.

Siku ya 12 nilifungua. Harufu ilimtoa mdogo wangu nyumbani. Minyoo wamekuwa uji. Wale mabuu wekundu wamebaki vichwa tu, maana kichwa chao ni kigumu, hakiozi upesi. Vichwa vinahesabika; uji hauhesabiki. Kwa daftari langu kituo kile hakikuwa na mnyoo hata mmoja, na mimi mwenyewe niliwaona wakijinyonganyonga kwenye chekecho! Tena minyoo ndio wanaostahimili uchafu. Ukiwapoteza, bandari inaonekana safi kuliko ilivyo.

Kanyanga ni dhaifu kwa kazi hii, lakini haikuwa na kosa peke yake. Mchanga uliolowa una maji yake, nayo yanaizimua alkooli. Mimina ya asilimia 96, mchanga usipite theluthi ya bokali, kesho yake mwaga uweke mpya, ili isishuke chini ya asilimia 70. Na nunua mara mbili ya hesabu yako.

Jile, koti la kuelea, nenda nalo mwenyewe, usingoje la mwenye mtumbwi. Oktoba 2024 boti lilizama pale Kituku, Goma, ziwa hili hili, watu wakiliona kutoka ufukweni. Upepo ukianza, rudi, hata kama kimebaki kituo kimoja. Simu iwe ndani ya mfuko uliofungwa. Kula kabla ya kutoka. Na kanyanga ikibaki, asiinywe mwenye kasia.