Sport kwenye gari oto: lini uweke, lini uache (milima ya Iringa na Mbeya)

Juzi nilikaa pembeni ya shemeji akipandisha mlima Kitonga na Mark X, gia iko S (Sport) tangu Ruaha Mbuyuni. Anaamini S inaongeza nguvu. Haiongezi. Inachelewesha gia kupanda ili injini izunguke zaidi, na mafuta yanaitika haraka ukikanyaga. Basi.

1. Jua gari lako lina nini: S, M (unachagua gia mwenyewe), kitufe cha PWR (power), au O/D tu (overdrive, kitufe cha kuruhusu au kuzuia gia ya juu kabisa) kama IST ya zamani.

2. Kupanda. Kwenye D (gia ya kawaida ya kwendea) gari husitasita: linapanda ya nne, linakosa nguvu, linarudi ya tatu, linapanda tena. Hapo weka S. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000, na Mbeya mjini tayari ni kama mita 1,700. Gari lililokuwa jepesi Dar likawa zito barabara ya Chunya si lazima liwe bovu, usikimbilie kununua plagi.

3. Kulipita lori. S iwekwe kabla hujatoka upande wako. Ukishapita, rudi D.

4. Kushuka. Usishuke Kitonga kwa D na mguu umelala kwenye breki. Zitachemka, na zikichemka hazishiki. Na tafadhali, N (gia huru) ya kubana mafuta uiache: ukiwa kwenye gia na mguu umetoka, injini za EFI (zinazopuliza mafuta kwa kompyuta) hukata mafuta zenyewe, wakati kwenye N inaendelea kunywa, tena huna kizuizi.

Shusha gia kabla mteremko haujaanza. Sasa angalia: kwenye Toyota nyingi zenye S, namba ya kwenye dashibodi ni kikomo, si gia uliyomo. Ukiona 4, maana yake gari linaruhusiwa ya kwanza mpaka ya nne. Wengi wanaona 4 wanadhani kazi imeisha, kumbe bado gari linakimbia. Gusa upande wa − moja moja mpaka gari liache kuongeza mwendo lenyewe. Mara nyingi ni 3, ukiwa nyuma ya semi ni 2. Likilia mlio na gia isishuke, limekataa kwa sababu mwendo ni mkubwa. Kanyaga breki kwa uthabiti mwendo upungue, achia, gusa tena. Injini ikiunguruma kwenye mizunguko 3,500 kwa dakika isikutishe, mradi mshale haujafika kwenye nyekundu.

Mimi nikipata M sihangaiki na S, maana M inakupa gia ileile uliyoichagua, si kikomo. Sport ya kitufe, isiyo na namba, siitegemei kushuka. Mwenye O/D aizime, na kwenye mteremko mkali aweke 2.

5. Mjini, foleni ya Mwanjelwa: D.

6. Matope na utelezi, kama vijijini Rungwe wakati wa masika: S hapana, tairi zitazunguka bure. Kama una kitufe cha SNOW, ndicho chake. Gari litaondoka na gia ya pili, taratibu.