Zamu ya usiku kiwanda cha chumvi: malizia kazi ya kichwa kabla ya saa kumi

Kama ndo umepata kazi ya ufundi huku kwenye viwanda vya chumvi vya pwani ya Kenya, Gongoni, Marereni mpaka Kurawa, na umepangiwa usiku, soma hii kabla hujaingia. Watu watakwambia shida ya usiku ni usingizi, piga kahawa tungu ukae macho, basi. Wapi! Usingizi ni nusu tu ya mambo, nusu ingine ni bahari, na bahari haina habari kama umelala au hujalala.

Iko hivi. Pwani yetu hii maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa mida ya saa kumi, ya jioni na ya alfajiri, na hayo ndo maji yanayongojewa kupandishwa kwa pampu hadi kwenye mabwawa, manake maji mafu, yale madogo ya katikati, hayapandi vya kutosha. Sasa hiyo saa kumi ya alfajiri ndo saa mwili wa binadamu uko chini kabisa, joto la mwili limeshuka, macho yako wazi lakini ndani hamna mtu. Kwa hivyo kazi yote ya zamu hii ni kuhakikisha ikifika saa kumi hujabakisha kitu cha kufikiria, ni kubonyeza na kuangalia.

Anza na mwezi, usianze na ratiba ya ofisini. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa wa kumi na nne kumi na tano, hesabu siku moja mbili mbele, hizo ndo usiku zako nzito. Na kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, leo yakijaa saa kumi kesho ni kasorobo ya saa kumi na moja hivi. Ukipotea hesabu uliza mvuvi yeyote wa Ngomeni, atakwambia hata simu hajatoa mfukoni.

Ukishapokea zamu jioni usikae kupiga soga, zunguka. Mambo ya maana yote yafanye kati ya saa mbili na saa saba. Kuna kitu mafundi wanaotoka bara huwa hawakijui: vumbi la chumvi ndani ya paneli ya umeme mchana liko kavu, halina neno sana, lakini usiku hewa ikipata unyevu wa asilimia 75 kwenda juu ile chumvi inavuta maji yenyewe inalowa, na chumvi iliyolowa inapitisha umeme. Ndo maana mota iliyokaa wiki nzima mchana inaguswa haina shida, usiku ukiwasha inapiga shoti. Kwa hivyo angalia mlango wa paneli unafunga na mpira wake haujakatika, kile kihita kidogo cha ndani kinafanya kazi, halafu mota zilizolala tangu bamvua lililopita zima kabisa, piga kufuli, zipime insulesheni, lile ganda la waya linalozuia umeme kuvuja, kwa mega, mashine ya kuipimia. Kwa hizi za volti 415 mimi nikisoma chini ya megaohm 1 siwashi, aje bosi aje nani, nakausha kwanza.

Shuka pia kule kwa pampu ukiwa na tochi na mwenzako, usiende peke yako, kule chini kuna utelezi na maji yakianza kuja yanakuja. Toa mwani kwenye chujio la kuvutia maji. Mwani kidogo tu na pampu inavuta hewa badala ya maji, glandi, kile kizibo cha kwenye shafti ya pampu, inaungua, na utaisikia harufu kabla hujaona moshi. Glandi nzuri inadondosha tone tone, ikiwa kavu kabisa usifurahi eti haivuji, hiyo inajipika.

Nikwambie yaliyonikuta mimi. Kiwanda nilichoanzia, jina halina haja, pampu zilikuwa tatu zimepangana na namba zilikuwa zimeliwa na kutu. Saa tisa u nusu, pampu ya tatu inaguna haizunguki, nikajua fezi moja, waya mmoja kati ya mitatu inayoleta umeme, imekatika, na kweli ilikuwa imekatika. Nikaenda nikazima swichi nikapiga kufuli yangu vizuri kabisa, nikarudi nikaanza kufungua kiboksi cha mota. Mzee niliyekuwa naye akaniuliza tu, "mwanangu, umepima?" Nikasema nimezima mimi mwenyewe mzee. Akasema pima. Nikapima, moto upo, yaani umeme bado unapita. Nilikuwa nimezima ya pili. Mikono ilitetemeka mpaka asubuhi. Sikuwa mjinga na sikuwa mlevi, ilikuwa ni ile saa tu.

Tangu siku hiyo naandika namba kubwa kwa rangi mwenyewe, kwenye swichi na kwenye mota, na testa naijaribu mara mbili: kwanza kwenye moto ninaoujua ndo napima pale ninapotaka kushika, halafu narudi tena pale penye moto kuhakikisha testa haijafa katikati. Usiku pia nasema kwa sauti, "nazima namba tatu", mwenzangu anajibu "tatu". Vijana wanacheka, wacha wacheke. Na ovalodi, ile swichi inayokata umeme mota ikizidiwa, ikiruka, irudishe kwa kibonyezo cha riseti mara moja tu, ikiruka tena acha, tafuta sababu. Mtu mwenye usingizi anabonyeza riseti kama anabonyeza kengele ya mlango mpaka mota inaungua. Ikiwa kazi yenyewe ni ya kufungua fungua na inaweza kungoja mchana, iwache ingoje, andika kwa daftari.

Daftari lenyewe sasa. Andika saa za namba nne, 0400, 2200. Hapa kwetu "saa kumi" kwa mwingine ni 1000 na kwa mwingine ni 0400, nimeona zamu mbili zikigombana nusu saa juu ya pampu iliyozimwa saa kumi ipi.

Kula: wali wa nazi kula nyumbani kabla hujatoka, usibebe hotpoti ukaushindilie saa sita usiku, huo ni usingizi umejipakulia. Usiku beba vitu vyepesi, mahamri mawili, ndizi, na maji mengi kwa sababu chumvi inakausha. Kahawa mwisho saa nane, kwa sababu nusu yake bado iko mwilini masaa matano baadaye na hapo ndo unataka kulala. Muguka sitaki kubishana na mtu ila nimefanya kazi na wanaotafuna, macho yako kodo lakini anafunga nati ile ile mara tatu. Bora mkubaliane mmoja alale dakika 20 kwenye saa saba hivi, mwingine yuko macho, na msimamizi ajue, sio kujificha nyuma ya magunia.

Asubuhi usipande pikipiki mwenyewe kwenda Malindi. Panda matatu, lala, ukipitishwa stendi ni aibu tu haivunji mguu. Ukifika nyumbani lala moja kwa moja kabla jua halijapata nguvu, ikigonga saa tano bati litakutoa kitandani lenyewe. Dirishani tundika leso mbili moja juu ya ingine, washa feni hata kwa ajili ya kelele yake, na wa nyumbani waambie mapema wageni wakipiga hodi wewe hupo. Mama yangu ilimchukua mwezi mzima kukubali kwamba mtu anaweza kulala saa tatu asubuhi na sio mgonjwa.

Ramadhani ina hesabu yake. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndo bamvua, kwa hivyo mwanzo wa mfungo na katikati yake daku linagongana na maji kujaa. Usingoje saa kumi, daku lako kula saa nane u nusu, maji ya kunywa yaweke karibu na paneli ya kuwashia lakini chini, sio juu yake, ubakishe funda la mwisho la kabla ya adhana wakati pampu zishashika.