Jinsi ya Kujitolea katika Redio Jamii Inayotangaza kwa Lugha Nyingi

Sehemu kubwa ya kazi katika redio jamii hufanywa na watu wasiolipwa, na pale redio inapotangaza kwa lugha nyingi hitaji hilo huongezeka, kwa kuwa kila lugha inahitaji msomaji wake, mfasiri wake, mpokea simu wake na mtu wa kufuatilia kinachosemwa hewani. Kituo cha 3ZZZ cha Melbourne nchini Australia, kilichoanza kurusha matangazo mwaka 1989, kina vipindi katika lugha zaidi ya 50, na vipindi hivyo hubebwa hasa na watu wa kujitolea. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayejua lugha moja au zaidi vizuri, ana muda kidogo kila wiki, na angependa kuutumia muda huo katika redio ya namna hiyo.

Liko jambo moja linaloitofautisha kazi hii na kujitolea kwingine kokote, na ni vyema lieleweke mapema. Katika redio ya lugha moja, mhariri anaweza kupita karibu na studio, akasikia sentensi mbili, akatambua kama mtangazaji anakwenda sawa. Katika redio ya lugha 20, mhariri huyohuyo husikia sauti tu. Hajui kama taarifa ya chanjo imesomwa ilivyoandikwa, wala kama mgeni aliyealikwa anamkashifu mtu. Kwa hiyo anachokitafuta kwako kabla ya sauti nzuri ni uaminifu unaoweza kukaguliwa, na karibu kila ushauri unaofuata unatokana na hilo.

Kabla ya kubisha hodi

Sikiliza kituo chenyewe kwa wiki nzima, kwa saa tofauti, hata vipindi vya lugha usizozielewa. Utajua ni lugha zipi zimepewa saa za jioni na zipi zimesukumwa usiku wa manane, ni wapi muziki unajaza nafasi ya mazungumzo, na ni vipindi gani vinarudiwa kwa sababu mtayarishaji hakuja. Mapengo hayo ndiyo nafasi yako. Ukifika ofisini ukiweza kusema kwamba kipindi fulani cha Jumanne hakijawa na taarifa ya habari, utasikilizwa kwa makini zaidi kuliko anayesema tu kwamba anapenda redio.

Uliza pia kituo kinamilikiwa na nani, kinapata wapi fedha, na leseni yake inasemaje kuhusu lugha, kwa maana nchi hazilingani: ziko zinazoacha kituo kiamue chenyewe, na ziko zinazotaka lugha za matangazo ziidhinishwe na mamlaka. Maswali haya hayapaswi kuachiwa wanasheria. Redio ya Homa Bay, iliyoanzishwa magharibi mwa Kenya mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO na ambayo huhesabiwa miongoni mwa redio jamii za mwanzo barani Afrika, ilifungwa na serikali mwaka 1984. Redio za wachimba madini wa Bolivia, zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1940 na kutangaza kwa Kihispania, Kiquechua na Kiaymara, ziliendeshwa kwa michango iliyokatwa kwenye mishahara ya wachimbaji wenyewe, nazo zilivamiwa na majeshi zaidi ya mara moja. Anayejitolea redioni anaingia katika chombo ambacho uhai wake hutegemea kibali na fedha, na ni haki yake kujua vyote viwili vimesimama vipi.

Namna ya kujitambulisha

Barua au ujumbe mfupi unatosha, lakini useme mambo ambayo kituo kinayahitaji. Taja lugha unazozungumza na, kwa kila moja, kama unaweza kuisoma na kuiandika bila kusitasita, kwa sababu wapo wazungumzaji hodari ambao hawajawahi kusoma lugha yao kwa sauti. Taja lahaja yako. Taja siku na saa ambazo huwezi kukosa. Hapa naomba msomaji awe mkweli kwa nafsi yake: anayeahidi saa mbili kwa wiki na kuzitimiza kwa mwaka mzima ana faida kubwa kwa redio kuliko anayeahidi saa kumi na kupotea baada ya mwezi, kwa kuwa saa aliyoiacha wazi ni saa ambayo jamii nzima ya lugha yake inawasha redio na kukuta muziki usio na mwenyewe.

Usianze kwa kuomba kipindi chako mwenyewe. Omba kazi iliyo karibu na kipindi kilichopo: kupokea simu za wasikilizaji, kufasiri matangazo ya vifo na mikutano, kupanga kumbukumbu za sauti, kuhariri mahojiano, kumsaidia fundi mitambo, kuandika maombi ya ruzuku. Kufasiri matangazo madogo ndiko ninakokupendekeza zaidi, maana kila siku kuna tangazo jipya, kosa huonekana haraka, na ndani ya muda mfupi wahariri hujua kama kazi yako ni ya kutegemewa. Ukitaka kuonja utangazaji mapema, pendekeza kipindi kimoja maalumu badala ya cha kila wiki. Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama, ambayo ni tarehe 21 Februari, na Siku ya Redio Duniani, tarehe 13 Februari, ni nafasi nzuri kwa redio ya lugha nyingi kumfungulia mlango mgeni.

Studio

Mafunzo ya mitambo hayachukui muda mrefu, ila yanadai nidhamu. Kaa mbele ya maikrofoni kwa umbali wa takriban shubiri moja, na uielekeze kidogo pembeni mwa mdomo ili pumzi ya herufi kama p na b isiipige moja kwa moja. Vaa hedifoni wakati wote, kwa sababu masikio matupu hayasikii kile kinachosikiwa na msikilizaji. Ukirekodi kidijitali, acha vilele vya sauti vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Sauti iliyovuka sifuri hupasuka, na hakuna programu itakayoirudisha vizuri. Hifadhi rekodi ya awali katika faili la WAV, ambalo halibani sauti, na utengeneze MP3, faili dogo lililobanwa, mwishoni kabisa. Kwa kuhariri, Audacity ni programu ya bure inayotosha kwa kazi nyingi za redio jamii, nawe unaweza kujifunza nayo nyumbani.

Dakika za kupokezana zamu zinastahili uangalifu wa pekee. Kipindi cha lugha moja kinapokwisha na cha lugha nyingine kinapoanza, wasikilizaji wa pande zote mbili wako hewani kwa pamoja, wengine wakiondoka na wengine wakiingia. Fika nusu saa kabla. Mwachie mwenzako wimbo au kionjo kinachotosha kumfikisha kwenye kiti, mwambie kwa ishara sekunde zilizobaki, na jifunze kulitamka jina la kipindi chake na salamu ya lugha yake sawasawa, ili umtaje kabla hujaondoka. Mtangazaji anayelitamka vibaya jina la kipindi kinachofuata, wiki baada ya wiki, anawaambia wasikilizaji wa lugha hiyo kwamba ndani ya kituo hakuna anayewajali.

Kufanya kazi kati ya lugha

Hapa ndipo redio ya lugha nyingi inapopata heshima yake au kuipoteza.

Taarifa iliyoandikwa kwa lugha moja haisomwi kwa lugha nyingine kwa kufasiri mstari kwa mstari. Isome yote, iweke pembeni, jiulize nani amefanya nini, wapi na lini, kisha iandike upya kama ambavyo ungemweleza mzee asiyeona maandishi. Baadaye rudi kwenye maandishi ya awali na ukague majina, tarehe, namba na vipimo, kimoja kimoja. Saa ndiyo mtego mbaya kuliko yote: lugha nyingine huhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua na nyingine tangu usiku wa manane, na mfasiri aliyechoka huweza kuwapeleka watu kliniki muda wa saa sita baada ya wahudumu kuondoka. Dozi za dawa, namba za simu na saa za huduma zisisomwe hewani kabla mzungumzaji wa pili wa lugha hiyo hajazilinganisha na maandishi ya awali.

Mahojiano ya mtu anayezungumza lugha isiyo ya kipindi yana desturi yake. Acha sauti yake isikike peke yake kwa sekunde tatu hivi, ili msikilizaji aipate hali yake, kama ana hasira au amechoka. Kisha ishushe taratibu hadi ibaki chini ya sauti yako, soma tafsiri kwa mwendo unaofuata mwendo wake, na umalize mapema kidogo ili maneno yake ya mwisho yapande tena na kusikika. Mfasiri asiigize. Mhojiwa mwenyewe akilia, wewe soma kwa utulivu. Kilio chake kinasikika chini yako, nacho kinatosha. Wapo watayarishaji wanaoifuta kabisa sauti ya asili ili kuokoa muda, nami naona wanakosea, kwa kuwa msikilizaji anayejua lugha zote mbili hana tena njia ya kujua kama umetafsiri kwa haki.

Anzisha daftari la istilahi mapema: maneno ya sheria, ya afya na ya kilimo ambayo kipindi chenu kimekubaliana kuyatumia. Lahaja zikitofautiana, kubalianeni ni neno gani litasomwa kwenye habari, na muwaachie wapiga simu waseme kama wanavyosema nyumbani kwao. Hali kadhalika kuhusu kuchanganya lugha: vijana wengi huongea kwa kuchanganya, na kuwakatisha hewani kila mara ili wasahihishe huwafukuza. Kwenye taarifa ya habari, hata hivyo, lugha iwe moja na iwe safi.

Kukubali kukaguliwa

Kwa kila kipindi, andika ukurasa mmoja katika lugha ya pamoja ya kituo: mada, majina ya wageni, hoja zenye utata, nyimbo zilizopigwa na watunzi wake. Ukabidhi kabla ya kwenda hewani, siyo baada. Hakikisha rekodi ya kipindi kizima imehifadhiwa kwa muda unaotakiwa na kanuni za nchi, na omba mzungumzaji mwingine wa lugha yako, asiye rafiki yako wa karibu, asikilize kipindi kimoja kila baada ya muda na kuwaeleza wahariri alichokisikia. Watu wapya wakati mwingine huona ukaguzi huu kuwa dharau. Mimi nauona kuwa ngao yao, kwani siku malalamiko yatakapoletwa, na katika redio ya lugha nyingi huletwa, rekodi na ukurasa ule ndivyo vitakavyomtetea mtangazaji ambaye mkurugenzi wake hakuelewa hata neno moja alilosema.

Uzito wa jambo hili unajulikana vizuri katika ukanda wetu. Mwaka 1994 nchini Rwanda, kituo binafsi cha redio cha RTLM kilitumia Kinyarwanda kuchochea mauaji ya kimbari, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waasisi wake wawili. Maneno ya redioni hufika kwa watu wengi kwa wakati mmoja, na lugha ambayo wengine hawaielewi haipunguzi wajibu wa anayeitumia. Kwa hiyo unapopokea simu mubashara, kidole kikae kwenye kitelezi cha laini ya simu, yaani kidhibiti cha kupandisha na kushusha sauti yake. Mpigaji akianza kutukana kabila, dini au mtu kwa jina, shusha sauti, waombe radhi wasikilizaji kwa lugha ileile aliyotumia, na uandike tukio hilo kwenye ukurasa wako usiku huohuo. Wakati wa uchaguzi, anayegombea au kumpigia debe mgombea aondoke kwenye maikrofoni hadi kura zihesabiwe.

Makubaliano

Omba makubaliano ya maandishi, hata ya ukurasa mmoja. Yaseme nani analipa nauli na vocha za simu, nani anamiliki rekodi za vipindi, malalamiko yanapelekwa kwa nani, na unatakiwa kutoa taarifa ya muda gani ukitaka kuondoka. Uliza kama watu wa kujitolea wana mwakilishi katika bodi au kamati ya vipindi. Kama hawana, hilo ni jambo la kudai kwa adabu na kwa uvumilivu, kwa sababu redio inayotegemea saa zao inapaswa kusikia sauti zao pia inapogawa saa za hewani kati ya lugha.

Baada ya kuzoea, chukua mwanafunzi. Kipindi chenye mtangazaji mmoja tu hufa anapougua au kuhama, na kwa lugha yenye wazungumzaji wachache huenda hakuna atakayekifufua. Mkalishe pembeni yako, mpe salamu, kisha taarifa fupi, kisha nusu ya kipindi. Na itakapofika zamu yako ya mwisho, awe tayari amekabidhiwa nywila za akaunti za kipindi, namba za wageni walioridhia kuhifadhiwa, rekodi zote na daftari la istilahi, huku mtu wa pili ofisini akiwa na nakala.