Lori la Dizeli la Zamani: Pampu ya Mafuta ya Umeme au ya Kimakanika?

Lori la dizeli la zamani kwa kawaida huwa na pampu mbili: ndogo inayovuta mafuta kutoka tangini, na pampu ya nozeli inayoyasukuma kwa presha kubwa hadi kwenye silinda. Swali la umeme au makanika linahusu ile ndogo, lakini jibu lake hutolewa na mahitaji ya ile kubwa.

Injini ya Cummins ya lita 5.9 yaonyesha jambo hili vizuri. Zile za valvu 12 zilizofungwa kwenye Dodge Ram kuanzia modeli ya 1994 zina pampu ya nozeli ya Bosch P7100, inayolishwa na pampu ya pistoni iendeshwayo na kemshafti (shafti inayofungua valvu za injini), hivyo presha hupanda kadiri injini inavyozunguka kwa kasi. Zile za valvu 24 zilizozifuata hadi 2002 zilipewa pampu ya nozeli ya VP44, ambayo hupozwa na kulainishwa na dizeli yenyewe, huku ikilishwa na pampu ya umeme. Pampu hiyo ndogo ikidhoofika, injini inaweza kuendelea kunguruma kana kwamba hakuna tatizo ilhali VP44 inaharibika kimyakimya. Kwa gari la aina hiyo, geji ya presha si pambo, na mshale ukishuka chini ya psi 10 (psi ni kipimo cha presha) wakati gari limebeba mzigo, shughulikia mara moja.

Kabla ya kulaumu pampu, badilisha filta, kisha unganisha kipande cha mpira unaoonyesha ndani kwenye njia ya mafuta. Ukiona mapovu yakipita, kuna mahali panapovuta hewa, na pampu mpya haitaponya hilo.

Kwa injini isiyoongezwa nguvu, mimi ningebaki na pampu ya kimakanika, kwa sababu haitegemei nyaya wala relei (swichi inayoendeshwa na umeme). Ubaya wake mkubwa uko kwenye zile za diaframu, yaani kiwambo chepesi kinachosukuma mafuta: kikichanika, dizeli huweza kuingia kwenye oili. Chomoa dipstiki, oili ikiwa imepanda kupita alama na inanuka dizeli, usiwashe injini mpaka pampu na oili vibadilishwe.

Pampu ya umeme hufaa zaidi gari linalokaa muda mrefu bila kuwashwa, kwani hujaza filta na kutoa hewa kabla ya kupiga stata. Ifunge karibu na tangi, chini ya usawa wa mafuta, kwa kuwa pampu nyingi za aina hii husukuma vizuri kuliko zinavyovuta. Ipatie fyuzi, relei, waya mnene, pamoja na swichi ya presha ya oili, ili injini ikizimika ghafla kwenye ajali isiendelee kumwaga dizeli. Usivutiwe na pampu yenye presha kubwa kupita kiasi: pampu ya nozeli ya Stanadyne DB2, iliyomo kwenye Ford za lita 6.9 na 7.3 IDI, inahitaji psi chache tu.

Ukiiondoa ya kimakanika, ziba tundu lake kwa kibati na gasketi, kisha pima presha kwenye mlango wa pampu ya nozeli, gari likipanda mlima na mzigo.